Fundi Viatu na Ua la Asubuhi Moja

Shida yangu ilianza mwaka wa 1972, nikiwa na miaka kumi. Baba alilala hakuamka. Mama akanitoa darasa la pili, akanipeleka ziwani Katwe, akanionyesha kitalu cha chumvi na mahali pa kusimama. Nilisimama pale miaka mingi. Maji ya ziwa lile yanakula ngozi kwanza, halafu yanaingia kwenye kidonda kuangalia kama kuna kilichobaki. Anayedhani chumvi inatoka dukani aje nimwonyeshe miguu yangu.

Nilitaka jambo moja tu, na sikumficha mtu: nitoke kwenye maji yale, nipate udongo wangu mkavu wa kukanyaga. Nilitoka. Ningependa kuandika kwamba nilitoka kwa nguvu zangu peke yangu, na karibu yote ni nguvu zangu kweli. Ile sehemu ndogo iliyobaki ni ya fundi viatu wa Bwera, mji wa soko hapa mpakani, na leo namwandika yeye.

Alizaliwa wapi hasa, wazazi wake ni nani, sijui. Sikuuliza na hakusema. Alivuka mpaka kutoka Kongo, upande wa Beni, wakati watu wengi walikuwa wanavuka, akiwa na mfuko mmoja. Ndani yake mlikuwa na nyundo, kisu, sindano zake za kushonea, vipande vya tairi, na kamusi ya Kiswahili. Akakaa barazani kwa duka la mabati pale sokoni Bwera, akaanza kugonga. Jina lake lilikuwepo kanisani kwenye daftari la padri. Sokoni aliitwa Fundi, na ukisema Fundi hakuna aliyeuliza fundi yupi.

Mimi nilikuwa nakuja na lori la chumvi kutoka Kabatoro, pale ziwani, kila siku ya soko. Nilivaa lugabire, hizi ndala za tairi, kwa sababu chumvi haiwezi tairi. Lakini misumari inaila. Basi kila wiki ya pili ndala zangu zilifunguka, nikampelekea.

Kazi yake ilikuwa na desturi moja, na wateja waliilalamikia lakini walirudi. Ukishampa kiatu, alikiweka katikati ya magoti, halafu hagongi. Anakutazama kwanza. Wewe umesimama mguu mmoja juu ya mwenzake kama korongo, huwezi kwenda popote, na hapo ndipo anaanza.

"Mama, keti. Unajua ndizi haiko muti?"

"Ni nini basi, mbuzi?"

"Iko majani. Ile unaita muti ni majani imejifunga, moja ndani ya ingine, mpaka juu. Katikati haina mbao hata kidogo."

"Fundi, mimi nimekata migomba tangu sijaota meno."

"Ulikata. Haukuangalia."

Watu walicheka. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikachukua panga, nikakata mgomba mmoja uliokwisha zaa, nikaufungua kama mtu anayefungua kitabu. Ilikuwa kweli. Hapo nikakasirika zaidi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa anakuambia jambo la kitu ulichokiona maisha yako yote. Papai, alisema, kuna dume na jike, na ukikata madume yote kwa sababu hayalishi mtu, utakaa na wake wasio na mume. Karanga, alisema, inachanua juu kwenye jua, halafu inainama, inaingiza shingo ardhini na kuzalia gizani: "Inazika watoto yake mbele hawajazaliwa." Muuza karanga aliyekuwa jirani yake pale barazani, mama mmoja mnene mwenye mdomo, alimjibu, "Na wewe utazikwa mbele hujamaliza kiatu cha watu."

Huyo mama alikuwa na haki ya kusema. Fundi alinunua karanga kwake kila siku, na hakupenda karanga. Alipenda karatasi. Yule mama alifunga karanga zake kwenye kurasa za vitabu vikuukuu vilivyotoka ng'ambo ya mpaka, vya Kifaransa na vya Kiswahili, vya shule na vya kilimo, na Fundi alichagua kifungu kwa kusoma nje yake. "Si hii. Hii nilisoma. Nipe ile ya pembeni." Karanga zenyewe aliwapa watu. Karatasi aliinyoosha kwa chupa ya maji ya moto, akaitia ndani ya kamusi.

Kamusi ile niiseme. Alikuwa ameishonea jalada la ngozi ya kiatu, ya kahawia mbele na nyeusi nyuma. Mwisho wake ulikuwa umekatika, kwa hivyo herufi za mwisho hakuwa nazo. Vijana wa kubeba mizigo waliijua aibu hiyo. Walimpigia kelele wakipita: "Fundi! Zabibu ni nini?"

"Sijafika huko!" naye anajibu, bila kuinua kichwa. Alikuwa hajafika huko miaka ishirini.

Kiswahili chake cha kila siku kilikuwa cha kwao, cha iko na beko, kama tunavyokisikia hapa mpakani. Lakini katikati yake alikuwa anatupa neno la kamusi, zito, kama jiwe ndani ya maharage. "Mama wa chumvi, leo weye iko na bumbuwazi."

"Niko na nini? Unalo mwenyewe!"

"Bumbuwazi. Mutu anasimama, kinywa wazi, akili imeenda kutembea."

Siku nyingine alinipa shakawa. Aliniambia ni taabu, lakini ile inayokaa, ile ambayo haitoki ukiamka asubuhi. Nilimwambia alirudie. Niliondoka na neno hilo kama mtu aliyeonyeshwa sura ya mwizi wake. Miaka yote nilikuwa nayo, na sikujua inaitwaje. Yeye alikuwa na msemo wake juu ya hilo: kitu bila jina ni jembe bila mpini, unaliona lakini haulimi nalo. Mimi sikusoma, na nilijua watu waliosoma wanavyotumia maneno kukufunga mdomo. Huyu alikuwa anakupa neno uende nalo. Hakulitaka lirudi.

Sasa mabaya yake, maana yalikuwepo. Hakupenda kusahihishwa. Alishona viatu vya watu wote na vyake vilikuwa vinacheka vidole vyote nje. Alikuwa mchelewaji kupita kiasi. Mwanamke mmoja alikwenda harusini Kasese na kiatu kimoja cha kwake na kimoja cha kuazima kwa sababu Fundi alikuwa bado anamweleza mtu habari za kifauwongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa na kujifanya umekufa. Alipoambiwa alisema tu, "Ule muti unajua kujificha kuliko sisi wakimbizi."

Na alikuwa na kosa moja kubwa. Kwa miaka aliwaambia watu kwamba mkuyu hauna ua, unazaa tu hivihivi. Siku moja sista wa parokia alileta kandambili, akasimama akimsikiliza, akasema, "Fundi, ua lipo. Liko ndani ya tunda." Fundi alimkatalia mbele ya watu wote. Sista akaenda zake. Mchana ule Fundi alifunga kazi, akaenda mpaka mtoni, akapasua kuyu kwa kisu cha viatu. Ndani mlikuwa na maua madogo kama mbegu za ufuta, na vidudu vinatembea humo kama watu sokoni.

Angekuwa mwingine angenyamaza. Yeye alianza kuwatafuta. Kila mtu ambaye yeye aliwahi kumwambia kwamba mkuyu hauna ua, alimfuata. Alikwenda kwa mwenye duka la mabati, kwa padri, kwa muuza karanga. Dereva mmoja alikuwa amehamia Kitswamba, Fundi akapanda gari akamfuata mpaka Kitswamba. Dereva alidhani kuna msiba. "Umesafiri kote huko kuniambia ua la mkuyu?" "Nilikudanganya," Fundi akasema. "Kumbe inajificha ndani." Akanywa maji, akarudi.

Mimi nililisikia hilo nikacheka pamoja na wengine. Nilipaswa kujifunza. Sikujifunza, na nitasema kwa nini.

Jambo moja lilinishangaza kwake kuliko yote: mtu huyu hakuwa na hata mche mmoja. Nyuma ya chumba alichopanga palikuwa na kiwanja kizuri cha udongo mweusi, kimekaa bure. Nilimpa miche ya sukuma wiki, akaiweka kivulini mpaka ikakauka. Nilimsema sana. Akagonga msumari mmoja, akagonga wa pili.

"Ng'ambo nilikuwa na kahawa, mama. Ilianza kuzaa, njo tukakimbia. Sisi tulikimbia. Muti haiwezi kukimbia."

Sikumletea miche tena.

Sasa nije kwenye udongo wangu. Nilipata kipande cha shamba mlimani juu ya Bwera, kwa chumvi niliyoibeba mgongoni. Nikapanda mibono iwe miti ya kuegemea, na kwenye kila mbono nikapandisha mvanila, kwa sababu kila mtu alikuwa anazungumza habari za vanila. Nilijiapia: hii ikizaa, sirudi majini. Isipozaa, nitafia kwenye kitalu kama mama. Sikuwa na akiba nyingine, wala mume wa kunisaidia, wala mtoto mwenye kazi.

Nilingoja miaka mitatu huku bado nakata chumvi. Mwaka wa tatu ikachanua. Nililia, nisiseme uongo. Baada ya siku chache maua yote yalikuwa chini, na kwenye mivanila ile hapakuwa na kitu.

Sisi wa milimani tunajua ua linataka nyuki. Nikanunua mizinga miwili, nikaitundika katikati ya shamba, nikaona nimemaliza akili zote. Msimu uliofuata nyuki walikuwa wengi hata waliniuma. Asali nilipata. Maua ya vanila yalianguka tena yote. Jirani yangu wa juu, aliyeniuzia shamba lile, alisimama mpakani akasema kwa upole, "Dada, ardhi hii ilinikataa na mimi. Nirudishie, urudi kwenye kazi unayoijua."

Nilishuka Bwera na ndala mkononi. Fundi alikiweka kiatu katikati ya magoti, akanitazama. Nikamwambia.

"Nyuki gani?" akauliza.

"Nyuki. Nyuki wa hapa."

Akacheka mpaka nyundo ikaanguka. Nilitaka kuiokota nimpige nayo. "Mama, ile ua haiko ya huku. Ilitoka mbali, ng'ambo ya bahari. Nyuki yenye kuijua ilibaki kwao. Hii yako inapita tu, haijui mulango."

"Basi nani anajua mlango?"

Akainua kidole gumba.

Alinieleza polepole, mara tatu, kama anavyoelezwa mtoto, na mara hiyo sikukasirika. Ua linafunguka alfajiri. Saa sita mchana limefunga, na halifunguki tena maisha yake. Ndani kuna chavua, yaani unga wa dume, na kuna mahali pa jike, na katikati kuna kingozi kidogo kinachowatenganisha, kama pazia. Utachukua mwiba wa mlimau. Utapasua ua upande mmoja, utainua pazia kwa mwiba, utabonyeza dume kwa jike kwa gumba lako. Basi. Ukikosea, kesho ua liko chini. Ukifanya vizuri, litakauka likiwa limeshika.

"Ni uongo," nilisema.

"Jaribu muti moja. Ingine wachia nyuki."

Msimu wa tatu nilijaribu mmoja. Nilikuwa na vidole vya chumvi, vinene, vimepasuka, na maua mawili ya kwanza niliyararua. Saba niliyafanya vizuri. Baada ya siku nne shamba zima lilikuwa limeangusha maua, na mti ule mmoja ulikuwa umeshika saba. Niliyahesabu kila asubuhi kama mama wa mapacha. Yalirefuka, yakawa maganda ya kijani, yakaning'inia kama vidole.

Msimu wa nne niliamka kila siku kabla ya jogoo na mwiba mdomoni, na niliozesha shamba lote, dume kwa jike, kwa mkono wangu. Jirani wa juu akaja mpakani, macho yamemtoka. Wanawake wa kilima kile wakaja. "Umefanyaje?"

Na mimi, mbele ya wote, nikasema: "Nimegundua mwenyewe."

Niliwafundisha. Sikumnyima mtu. Lakini kila aliyeniuliza nilimjibu hivyo, miaka mingi, mpaka kilima chote kikaniita mama wa vanila. Niliona aibu kwamba mtu aliyekaa chini sokoni, mwenye viatu vinavyocheka, ndiye aliyeniambia kilichokuwa shambani kwangu. Nilikuwa nimebebeshwa chumvi na kila mtu, nikataka angalau kitu kimoja kiwe changu kitupu. Fundi alisikia. Soko linasikia yote. Aliendelea kushona lugabire zangu na kunipa maneno.

Mwaka juzi macho yake yalianza kukataa. Alikuwa anajichoma sindano akishona. Binti yake akaja kutoka Butembo, mwanamke wa kitenge kizuri na maneno machache, akasema amekuja kumchukua baba, wanavuka siku ya Alhamisi. Muuza karanga ndiye aliyenipigia simu: "Profesa wako wa majani anaondoka."

Nilifika chumbani kwake Jumatano mchana. Alikuwa amekaa kitandani, mfuko umefungwa. Nilimletea maganda matatu ya vanila yaliyokauka, meusi, yanang'aa, ili chumba kinukie. Akayanusa sana.

"Ua yake inanuka hivi?" akauliza.

Nilimtazama. "Fundi, si unajua? Ua halinukii hivi. Harufu inakuja baadaye, tukishachemsha ganda na kulifunika blanketi."

"Ndiyo, niliisoma. Nilitaka kujua kwa mwenye kuiona."

"Wewe hujaiona?"

"Niione wapi? Ilikuwa kwenye karatasi ya karanga. Picha ilikuwa imeingia mafuta."

Nilikaa chini. Kwa miaka ile yote shamba lilikuwa pale juu, mwendo wa saa moja kwa miguu, na sikuwahi kumwambia: njoo uone. Kila msimu alikuwa ananiuliza maua yako vipi, nami namjibu mazuri, navaa ndala zangu, naenda. Mimi ndiye niliyekuwa na bumbuwazi.

"Kesho tunavuka saa tano," binti akasema, kwa sababu aliona uso wangu.

"Mtavuka saa saba," nikamwambia. "Ua linafunga saa sita."

Asubuhi nilikuja na boda mbili. Fundi nyuma ya moja, binti na mimi nyuma ya nyingine. Tulipanda mpaka barabara ikaisha, halafu nikamshika mkono. Wanawake wa kilima walikuwa mashambani na miiba yao, na jirani yangu wa juu, sasa mzee wa fimbo, alikuwa mpakani kama kawaida yake.

"Wabukire, dada," akanisalimia kwa lugha yetu. "Umetuletea mgeni?"

"Huyu ni fundi viatu wa Bwera," nikasema, kwa sauti ya kusikika mashamba matatu. "Huyu ndiye aliyenifundisha kuozesha vanila. Mimi sikugundua kitu. Niliwadanganya."

Mwanamke mmoja akasema, "Yule wa zabibu?" na kilima chote kikacheka, na Fundi akacheka kuliko wote.

Nikampeleka kwenye mti uliochanua. Akalisogeza ua mpaka karibu na jicho lake zuri. Ni ua la kijani kilichofifia, hata si zuri sana.

"Iko ndogo," akasema. "Nilifikiri iko kubwa kama kikombe."

Nikampa mwiba. La kwanza alilirarua. Akasema neno la Kifaransa ambalo halikufaa mbele ya binti yake. La pili nilimshikia kiwiko, na vidole vyake, vilivyozoea kupitisha uzi kwenye tundu asiloliona, vikainua kile kingozi, na gumba likabonyeza.

"Kinaitwaje, hicho kingozi?" nikamuuliza. Nilitaka anipe neno, kama siku zote.

Aliinama akalitazama tena.

"Sijui, mama. Kamusi haina. Karatasi iliita pazia." Akaligusa tena. "Weye umekiinua mara ngapi? Kipe jina weye."

Alivuka saa saba. Ua lake lilishika. Wafanyabiashara wa Butembo wananiambia bado yupo, anakaa mlangoni kwa binti yake na kuwasumbua wapita njia. Jina bado nalitafuta. Halijanijia, na sitaki la haraka.

Nilicho nacho leo ni hiki. Shamba la vanila na kahawa juu ya Bwera, pamoja na kile kipande kilichobaki cha jirani wa juu, alichoniuzia mwenyewe. Nyumba ya matofali, vyumba vinne, bati jipya. Tangi la maji ya mvua. Ng'ombe wawili na ndama. Mizinga kumi na mmoja. Asali yangu inajulikana mpaka Kasese. Kiwanja Kitswamba, bado hakijajengwa. Jozi tatu za viatu vya ngozi. Kitalu cha chumvi, hakuna.